Tezi za mbwa zikivimba: ultrasaundi huona nini, sindano hujua nini

Mbwa akivimba shingo mjini Kampala, wa kwanza kulaumiwa ni kupe. Mara nyingi lawama hiyo ni ya haki. Kupe wa kahawia, yule anayejificha kwenye nyufa za banda na kupanda ukutani akishashiba, hueneza bakteria aitwaye Ehrlichia canis, na mbwa aliyeambukizwa hupata homa, hukataa chakula, na tezi zake za limfu, yaani vituo vya kinga ya mwili, hujaa. Ongeza babesia, kijidudu cha damu kinacholetwa pia na kupe, ongeza nagana inayoletwa na mbung'o kwa mbwa wanaoishi karibu na misitu na mbuga, ongeza meno yaliyooza, vidonda vya ngozi na majeraha ya kupigana usiku. Yote hayo huvimbisha tezi. Ndiyo maana mbwa mwenye saratani ya limfu, yaani limfoma, anaweza kukaa wiki kadhaa akinyweshwa dawa ya kupe huku ugonjwa wenyewe ukizidi kuota mizizi.

Vipimo viwili hutajwa sana mtu akianza kushuku saratani: ultrasaundi na biopsi, yaani kuchukua kinyama kikapimwe maabara. Wenye mbwa wengi huvichukulia kama vipimo vinavyoshindana, kimoja cha kisasa kisichoumiza na kingine cha kukatana, kwamba ukilipia kimoja umeepuka kingine. Sivyo. Ultrasaundi hujibu maswali ya "wapi" na "kiasi gani". Jina la ugonjwa hutoka kwenye seli, si penginepo. Na kinachoharibu uchunguzi hapa kwetu, kwa maoni yangu, si uhaba wa mashine kama watu wanavyodhani. Ni kufanya mambo yanayojulikana, lakini kwa mpangilio mbaya.

Ugonjwa wenyewe

Limfoma ni saratani ya limfosaiti, chembe nyeupe za damu zinazohusika na kinga ya mwili. Kwa kuwa chembe hizo hazina makao mamoja, ugonjwa nao hauna. Unaweza kuanzia kwenye tezi, bandama, ini, utumbo, kifua, ngozi, hata jicho. Hata hivyo, mbwa 8 hivi katika kila 10 wenye limfoma huwa na ile aina inayovimbisha tezi nyingi za nje kwa pamoja, na hilo ni afueni kwa daktari, maana tezi za nje hushikika kwa mkono.

Zipapase chini ya taya, mbele ya bega na nyuma ya goti. Kwa mbwa mwenye afya, tezi ya nyuma ya goti ni ndogo na lazima uitafute. Ukiikuta bila kuitafuta, tena miguu yote miwili, unalo la kumweleza daktari. Tezi za limfoma kwa kawaida haziumi. Ni ngumu kiasi, zinateleza chini ya vidole, na mbwa hashtuki ukizibonyeza. Tezi ya jipu huwa na joto, na ukiigusa mbwa hukukazia macho. Kinachowapotosha watu ni kwamba mbwa wa limfoma mara nyingi bado anakula, anabweka getini na anatingisha mkia. Mgonjwa gani huyo?

Ni ugonjwa wa mbwa wa makamo na wazee zaidi kuliko wa watoto, ingawa umri si kinga. Kuna koo zinazopatwa zaidi: Boxer, Bullmastiff, Golden Retriever, Rottweiler, German Shepherd. Hao wawili wa mwisho ndio walinzi wa mageti mengi ya Kampala na Entebbe. Mbwa wa kienyeji naye hupata, ila mara nyingi hakuna anayempapasa goti.

Aina nyingine nizipitie upesi. Ya utumbo humkondesha mbwa kwa kuhara na kutapika huku tezi zake za nje zikiwa za kawaida kabisa. Ya kifua humfanya apumue kwa shida, na huenda uso ukavimba. Ya ngozi huanza na magamba na vipele vinavyokataa kila dawa. Baadhi ya limfoma, hasa zile za seli T (moja ya aina mbili kuu za limfosaiti, nyingine ikiwa seli B), hutoa kemikali inayopandisha kalsiamu katika damu. Mbwa huyo hunywa maji kupita kiasi na kukojoa ovyo, na figo zake huumia. Ukiona tezi zimevimba na bakuli la maji linaisha mara tatu kwa siku, usingoje Jumatatu.

Uganda ina nafasi yake katika historia ya limfoma, ingawa ni kwa upande wa binadamu. Mwaka 1958 Denis Burkitt, daktari mpasuaji wa Hospitali ya Mulago, alichapisha maelezo ya uvimbe wa mataya kwa watoto, ambao baadaye ulijulikana kuwa ni limfoma na ukapewa jina lake. Sampuli zilizosafirishwa kutoka Uganda hadi London ndizo zilizowezesha kirusi cha Epstein-Barr kutangazwa mwaka 1964. Kituo cha kutibu limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 ndicho chimbuko la Taasisi ya Saratani ya Uganda ya leo. Sitaji haya kwa kujisifu tu. Siklofosfamidi na vinkristini, dawa zilizotumiwa kwa watoto wale, ni miongoni mwa dawa anazotibiwa mbwa mwenye limfoma mpaka sasa. Lakini mtoto wako hawezi kuambukizwa limfoma na mbwa, wala mbwa hawezi kumwambukiza mwenzake. Ile saratani ya mbwa inayoambukizwa kwa kupandana, inayoota kwenye sehemu za siri, ni ugonjwa mwingine kabisa.

Sindano nyembamba kabla ya yote

Askari mmoja anayesimamia mbwa wa kampuni ya ulinzi alituletea German Shepherd wa miaka 7. Shingo ilikuwa imejaa kama amevaa kola mbili.

"Habari ya kazi, daktari. Huyu alivimba, nikamchomea sindano, akapona. Sasa zimerudi, tena kubwa kuliko mwanzo."

"Sindano gani, afande?"

"Ya aleji. Ya pale duka la dawa." Akatoa kichupa kitupu mfukoni mwa shati. Kilikuwa cha deksamethasoni.

Hapa ndipo uchunguzi mwingi unapoharibikia. Deksamethasoni na prednisoloni ni steroidi, na steroidi huua limfosaiti, nzima na za saratani kwa pamoja. Tezi hunywea ndani ya siku chache, mbwa hupata nguvu, mwenye mbwa hufurahi. Lakini ukichukua sampuli wakati huo unakuta seli zilizopasuka na chache zilizobaki, na msomaji wa hadubini hawezi kuapa ni nini. Baya zaidi, seli za saratani zinazosalia hujifunza kuikwepa dawa, na si hiyo tu. Hukwepa hata zile za kemotherapi ambazo bado hazijatolewa. Mbwa aliyepewa steroidi kwa wiki kadhaa kabla ya tiba kamili huitikia tiba hiyo vibaya kuliko ambaye hakupewa. Kwa hiyo sikumficha yule askari: kwamba tezi zilikuwa zimerudi, kwa siku ile, ilikuwa nafuu kwetu, maana kulikuwa na kitu cha kuchoma.

Alipoona namgeuza mbwa na kumshika mguu wa nyuma, akauliza, "Daktari, uvimbe uko shingoni. Mbona unamchoma goti?"

Swali zuri. Tezi za chini ya taya hupokea uchafu wote wa kinywa, na mbwa wa miaka 7 ambaye hajawahi kusafishwa meno ana tezi za taya zilizovimba hata bila saratani. Sampuli ya hapo hujaa seli za uvimbe wa kawaida na kumchanganya msomaji. Tezi ya nyuma ya goti au ya mbele ya bega husema ukweli zaidi. Ukiweza, chukua mbili tofauti.

Kazi yenyewe ni ya dakika chache na mara nyingi haihitaji hata dawa ya usingizi. Tezi hushikwa kati ya vidole viwili. Sindano ya geji 22 au 23, ileile ya kuchanjia, huingizwa bila bomba, ikasogezwa mbele na nyuma mara kadhaa kwa pembe tofauti, ikatolewa. Kisha bomba lililovutwa hewa huunganishwa na kusukumwa, na tone dogo hudondoka kwenye kioo. Tezi ikiwa kubwa sana, choma pembeni, kwa kuwa katikati huenda pameshaoza. Hatua inayofuata ndiyo inayowashinda wengi, yaani kutandaza. Seli za limfoma ni dhaifu mno. Ukikandamiza kioo juu ya kioo zinapasuka na kubaki michirizi ya zambarau isiyosomeka. Kioo cha pili kilazwe juu kwa uzito wake chenyewe, kivutwe taratibu, basi. Kisha ukipeperushe mpaka kikauke.

Na kiwekwe mbali na chupa ya fomalini, ile dawa ya kuhifadhia nyama isioze. Hata mvuke wake tu hukausha seli vibaya, zikakataa rangi. Nimeona bahasha moja ikiwa na vioo vilivyotandazwa vizuri sana pamoja na kichupa cha kinyama kilichofungwa ovyo, na vyote vikafika maabara vikiwa na rangi ya kijani chafu isiyo na maana.

Rangi huchukua dakika chache. Chini ya hadubini, tezi ya kawaida huonyesha limfosaiti ndogo kwa wingi, viini vyake vikiwa vikubwa kidogo tu kuliko chembe nyekundu ya damu. Tezi inayopambana na maambukizi huwa na mchanganyiko: ndogo, za kati, kubwa chache, na seli za plazma. Tezi ya limfoma ya kawaida imejaa kundi moja linalofanana, seli kubwa zenye viini vinavyofika ukubwa wa chembe nyekundu mbili au zaidi, na ukingo wa buluu iliyokolea. Zikizidi nusu ya seli zote, jibu limepatikana. Kwa mbwa wa afande zilizidi nusu kwa mbali. Ile saratani ya kupandana nayo ni ya seli za duara, lakini zake huwa na vitundu vidogo vyeupe vilivyopangana ndani ya ukingo. Msomaji mzoefu hazichanganyi.

Damu yake nayo ilipimwa kupe, na kingamwili za Ehrlichia zikaonekana. Afande akashika hapo hapo: si basi ni kupe? Hapana. Kingamwili huonyesha kwamba mwili uliwahi kukutana na bakteria huyo, na hubaki muda mrefu. Katika nchi yenye kupe wengi, mbwa mwenye limfoma kuwa nazo si ajabu. Kuna magonjwa mawili, na moja halifuti lingine. Kwa sababu hiyohiyo sikubaliani na mtindo wa kumpa mbwa doksisiklini, antibiotiki ya kutibu Ehrlichia, siku 28 kwanza "tuone itakavyokuwa". Ipeni, kama kuna sababu. Lakini kioo kichukuliwe siku ya kwanza, kabla ya kidonge cha kwanza. Limfoma isiyotibiwa humwacha mbwa wiki 4 hadi 6 hivi za kuishi tangu igunduliwe. Siku 28 ni karibu uhai wote uliobaki.

Ultrasaundi na mipaka yake

Kichwa cha mashine hutoa mawimbi ya sauti yasiyosikika na sikio, kwa mbwa mara nyingi kati ya megahezi 5 na 12, kisha husikiliza yanavyorudi. Majimaji huyapitisha, hivyo huonekana meusi kwenye skrini. Mfupa na hewa huyazuia, na nyuma yake huoni kitu. Megahezi zikiwa nyingi picha huwa safi lakini haifiki mbali. Mbwa mdogo hupimwa kwa nyingi, Rottweiler wa kilo 50 kwa chache. Kwa kuwa hewa ni adui, mbwa hafai kula saa 8 hadi 12 kabla, ingawa maji anaruhusiwa, na tumbo hunyolewa. Hapo kwenye kunyoa ndipo wenye mbwa hununa. Lakini manyoya hushika hewa, na hewa ikishikwa daktari anatazama ukungu tu.

Tezi yenye afya ndani ya tumbo ni nyembamba na ndefu, upana wake haufiki nusu ya urefu. Tezi ya limfoma hujaa ikawa ya duara, hugeuka nyeusi kuliko mafuta yanayoizunguka, na ule mstari mweupe wa katikati, njia ya mishipa, hufifia au kupotea. Zinazotafutwa kwanza ni tezi za pale mshipa mkuu unapogawanyika kuelekea miguu ya nyuma, na zile zilizoandamana na utumbo mwembamba. Utumbo wenye afya huonyesha matabaka 5 yaliyopangana, meusi na meupe kwa zamu. Limfoma ikiuingia, ukuta hunenepa na matabaka hufutika, ukabaki ukanda mmoja wa kijivu.

Bandama ndiyo huonekana vizuri zaidi. Yenye limfoma mara nyingi huvimba na kujaa vidoadoa vyeusi, kama kitumbua kilichokatwa katikati. Daktari akiona hivyo kwa mbwa mwenye tezi zilizojaa, moyoni ameshajua. Lakini kujua moyoni si kuthibitisha, na Uganda inatoa sababu ya ziada ya kusitasita: babesia, Ehrlichia na nagana zote huvimbisha bandama. Kitabu kilichoandikwa kwenye nchi isiyo na mbung'o kitakuambia bandama kubwa ni dalili nzito. Kwetu, bandama kubwa iliyo laini isiyo na vidoadoa inasema kidogo sana.

Ini hudanganya kwa upande wa pili. Linaweza kujaa seli za limfoma na bado likaonekana safi kwenye skrini. Picha nzuri haimsafishi mbwa. Ndiyo maana ripoti iliyoandikwa kwa uaminifu haisemi "huyu ana limfoma" wala "huyu hana". Husema kilichoonekana, hupima kwa sentimita, na hupendekeza pa kuchoma.

Sasa, je, kila mbwa anayeshukiwa anahitaji ultrasaundi? Hapana, na hapa nadhani fedha nyingi hupotea. Mbwa ambaye tezi zake zote za nje zimejaa anaweza kupata jibu kwa sindano ya goti bila kuwashiwa mashine. Kwake ultrasaundi huongeza habari ya hatua. Shirika la Afya Duniani liliweka hatua 5: tezi moja, tezi kadhaa za upande mmoja wa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, tezi za mwili mzima, ini au bandama, na mwisho damu, uboho au viungo vingine. Picha husaidia kutenga hatua ya 3 na ya 4. Ni habari ya maana, lakini kwa matarajio ya mbwa, aina ya seli na kama anajisikia mgonjwa au la huwa na uzito zaidi. Ultrasaundi huwa ya lazima kwa mbwa wa aina nyingine: anayekonda, anayetapika, anayekunywa maji ovyo, na tezi zake za nje ziko sawa. Huyo ugonjwa wake uko ndani, na bila picha huna pa kuelekeza sindano.

Nje ya Kampala, mashine anayoweza kuwa nayo daktari wa mifugo mara nyingi ni ile ya kupimia mimba za ng'ombe. Kichwa chake kimeundwa kuingizwa kwenye njia ya haja kubwa, na kwenye mbwa hakikai vizuri chini ya mbavu. Lakini kwa kupima tezi ya bega, au kuangalia kama kuna maji tumboni, kinafaa kabisa. Kisidharauliwe.

Sindano ikiingia tumboni, ultrasaundi huionyesha kama mstari mweupe unaosogea, na daktari huifuata mpaka ndani ya bandama au tezi. Ila kabla ya hapo chembe za kugandisha damu zihesabiwe. Ehrlichia hupunguza chembe hizo. Babesia pia. Kwa hiyo kipimo cha kupe, ambacho hakiwezi kuthibitisha wala kukanusha limfoma, bado kinahitajika kwa sababu nyingine kabisa: kujua kama mbwa atavuja damu. Sindano nyembamba kwenye bandama kwa kawaida huvumiliwa vizuri. Sindano nene kwenye ini la mbwa mwenye chembe chache ni kamari.

Kinyama chenyewe

Kama sindano nyembamba inatosha kwa wengi, biopsi ya nini? Sindano hutoa seli zilizotapanyika. Kinyama hutoa seli zikiwa mahali pake, pamoja na ganda la tezi, vishimo vyake na mipaka. Kuna limfoma za polepole ambazo seli zake ni ndogo, zimetulia, na kwenye kioo huonekana kama tezi ya kawaida. Moja yake, limfoma ya ukanda wa T, hupatikana sana kwa Golden Retriever, na mbwa huishi nayo miaka bila tiba nzito. Kumpa huyo kemotherapi kali ni kumtesa bure. Kumwambia mwenyewe kwamba amebakiza mwezi ni kumtia simanzi bure. Aina hizo hutambulika kwa kuona namna zilivyojipanga, au kwa mashine ya kuhesabu alama za seli. Kioo chenye utata, tezi zinazovimba taratibu kwa miezi, jibu lisiloendana na mbwa aliye mbele yako: hapo ndipo kinyama kinapostahili.

Sindano nene ya kukata, ya geji 14 hadi 18, hutoa uzi mwembamba wa nyama. Ni nzuri kwa ini na kwa tezi ambayo haiwezi kuondolewa. Lakini kwa tezi za nje, kinachopendwa na wasomaji ni tezi nzima, ganda na vyote, na ya nyuma ya goti ndiyo rahisi kuitoa. Hii huhitaji dawa ya usingizi, nyuzi na siku kadhaa za kuzuia mbwa asilambe kidonda.

Baada ya hapo, hatima ya kinyama iko mikononi mwa aliyekifunga. Kisifinywe kwa koleo. Kabla hakijaingia kwenye fomalini, kikatwe na uso uliokatwa uguswe kwenye vioo viwili vitatu. Vioo hivyo ni akiba. Vipande visizidi unene wa sentimita 1, kwa sababu fomalini hupenya polepole na katikati huoza ikisubiri. Fomalini iwe mara 10 ya ujazo wa nyama. Na chombo kiwe na mdomo mpana. Nyama laini huingia kwenye chupa ya soda bila shida, kisha hukakamaa na haitoki tena. Fundi wa maabara hulazimika kuivunja chupa, na hatakusahau. Usigandishe kwenye friji ya barafu.

Upakaji rangi wa kawaida ni uleule kwa mtu na kwa mbwa, hivyo maabara ya hospitali inaweza kukata na kupaka rangi kinyama cha mbwa. Usomaji ni jambo jingine, na heri asome mtaalamu wa patholojia ya wanyama. Koleji ya tiba ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Makerere ni mahali pa kuanzia kuulizia. Kutenga seli B na T huhitaji alama, yaani protini zinazotambulisha kila aina ya seli: CD3 kwa T; CD20, CD79a au PAX5 kwa B. Si kila kitendanishi kilichotengenezewa binadamu hushika seli za mbwa. Kile cha CD20 kinachotumika sana hospitalini, kwa mfano, hakimshiki mbwa vizuri, na maabara isiyojua hilo itaandika "hasi" kwa nia njema kabisa.

Kuna pia kipimo cha vinasaba kinachotazama kama limfosaiti zote zimetokana na mzazi mmoja, ambayo ni alama ya saratani. Uzuri wake ni kwamba kinaweza kufanywa kwa kukwangua kioo kilekile kilichokwisha kupakwa rangi, na kioo husafiri kirahisi kuliko chupa ya fomalini. Ila Ehrlichia canis, huyo huyo tena, anaweza kukidanganya kikasoma saratani isiyokuwepo. Kwa mbwa wa Uganda jibu la kipimo hicho lisomwe pamoja na kioo, kamwe lisisomwe peke yake.

Fedha nazo zisemwe. Kujua B au T kuna faida ikiwa mwenye mbwa amekusudia kutibu. Tiba kamili ya dawa nne, siklofosfamidi, doksorubisini, vinkristini na prednisoloni, huchukua miezi, huhitaji vipimo vya damu kila mara, na humpa mbwa wa seli B takriban mwaka mmoja, wa seli T pungufu ya hapo. Haiponyi, isipokuwa kwa wachache. Asiyeweza, na ni wengi, anaweza kuchagua prednisoloni peke yake, ambayo hununua mwezi mmoja au miwili ya kula vizuri. Kwa huyo, sindano ya goti na kioo kimoja chenye jibu la uhakika vinatosha. Kumsukuma alipie kinyama, alama na picha ni kumkamua. Afande alichagua prednisoloni baada ya kushauriana na bosi wake kwa simu, palepale kwenye benchi. Dawa ilikuwa ya jamii ileile aliyoanza nayo, ila sasa mbwa alikuwa na jina la ugonjwa kwenye kadi yake.

Sampuli yoyote inayotoka kliniki iende na fomu iliyojazwa, na hii mwenye mbwa anaweza kuidai bila aibu. Iandikwe umri na aina ya mbwa, tezi ipi ilichomwa, ya upande gani, zilianza kuvimba lini, kama kuna kupe waliopatikana, hesabu ya damu kama ilifanyika, na kila dawa aliyopewa katika mwezi uliopita pamoja na tarehe ya mwisho ya steroidi. Kama hujui sindano ya duka la dawa ilikuwa nini, kiambatishe kichupa.